Mshale Umelala Sifuri, Mama Amegoma Kupanda

Ndugu Mhariri wa Jarida la Chama cha Wenye Magari ya Zamani,

"Mshale ukilala sifuri huku injini inanguruma, usiulaumu mshale. Mwulize mwenye gari waya kaupeleka wapi."

Maneno hayo uliyachapa ukurasa wa nne wa toleo lililopita, katika safu ya Fundi Anajibu, ukayawekea fremu kama wosia. Aliyeyaandika ni fundi umeme wa magari. Pia ni mdogo wangu wa kike, tumbo moja, ziwa moja. Hakunitaja. Lakini chama chetu kina magari kumi na tisa na geji iliyolala ni moja tu, kwa hiyo kila mtu anajua nani kasemwa. Naomba nafasi nijibu. Waya sikuupeleka popote! Umekaa palepale alipoufunga marehemu baba kwa mikono yake. Anayetaka kuugombeza waya huo aanze na kaburi.

Kwa wasiolijua gari lenyewe: nyuma ya usukani lina saa mbili za duara, ndizo geji zenyewe. Ya kulia inaonyesha mwendo. Ya kushoto inaonyesha injini inazunguka mara elfu ngapi kwa dakika. Baba hakuwa na sikio la injini. Bomu lingelipuka chini ya boneti, angefunga dirisha akidhani ni mvua. Kwa hiyo mama alikaa kiti cha mbele akiukodolea macho mshale wa kushoto, na ulipofika namba tatu alisema, "Tatu!" Baba akapandisha gia. Waliendesha hivyo miaka ishirini na sita, na hivyo ndivyo nilivyofundishwa mimi. Sijawahi kupandisha gia mama hajasema tatu. Wenzangu sijui mnafuata nini, na wala sioni haya kuuliza.

Mwezi uliopita nilizitoa platini za zamani, vile vibati vya kuwashia injini vilivyokuwa vikisusa kila asubuhi yenye unyevu, nikafunga kisanduku cha kisasa cha kuwashia. Gari likawaka kwa mguso mmoja. Tangu siku hiyo nimetendewa haya:

1. Wiki ya kwanza mshale ulipata wazimu. Gari limesimama getini, na mama, mtu mwaminifu kwa kazi yake, anasoma anachokiona: "Tatu! Saba! Moja! Tatu tena! Eh, sita!" Nami mtoto mtiifu nikapandisha, nikashusha, nikapandisha, bila gari kutoka getini hata hatua moja. Jirani aliegemea ufagio wake akauliza kama tunafanya mazoezi ya kwaya.

2. Wiki ya pili mshale ulilala sifuri na haukuamka tena. Mama akanyamaza. Kwa kuwa hakusema tatu, sikupandisha. Tulikwenda sokoni na kurudi kwa gia ya kwanza, injini ikipiga ukelele njia nzima, na mtu mwenye mkokoteni akatupita akitupungia mkono. Tulipofika nyumbani mama alishuka, akaufunga mlango polepole. Afadhali angeubamiza. "Mwanangu," akasema, "mimi si kikapu cha vitunguu. Ukinitaka humu ndani, nipe kazi." Hajapanda tena mpaka leo. Nimebaki naendesha peke yangu, gia ya kwanza, kiti cha mbele kitupu. Malalamiko mengine yote katika barua hii ni ya kisheria tu. Hili ndilo linaloniuma.

3. Mdogo wangu, badala ya kumbembeleza mama, amekuwa akinyoosha kidole chini ya boneti. Anadai waya wa geji umefungwa upande wa hasi wa koili, kile kikopo kinachozalisha cheche, na kwamba hapo palifaa wakati wa platini. Kisanduku kipya, anasema, hakipitishi habari zake kwa koili. Kina tundu lake pembeni, limechorwa alama ya geji, na waya uhamie humo. "Kaka, waya mmoja tu. Dakika tano. Hata mikono sitanawa." Namwuliza mbele ya wasomaji: waya uliotumika mahali pamoja miaka yote hiyo unahamishwaje kwa dakika tano? Hata karani akihamishwa hupewa barua, hufanyiwa hafla ya kuagwa, hukabidhiwa saa ya ukutani. Huyu avutwe tu kwa koleo?

4. Mkaguzi wa chama, mwalimu mstaafu wa hisabati, aliandika kwenye fomu, "Geji ya mizunguko haifanyi kazi," akalizuia gari kwenye msafara wa Jumapili. Nampinga kwa somo lake mwenyewe. Geji inasema injini inazunguka mara sifuri. Gari linatembea. Ama geji inasema uongo, ama chama hiki kina gari la kwanza kutembea bila injini kuzunguka. Mwalimu hajauthibitisha uongo wa geji. Aliigonga kwa ukucha mara mbili akaguna, na kuguna si hesabu. Basi limebaki la pili. Gari la namna hiyo halizuiwi kwenye msafara, ndugu yangu. Linautangulia.

5. Juzi mhudumu wa kituo cha mafuta aliniomba nizime injini. Nikamwonyesha mshale. "Imezimika, jionee." Akautazama mshale, akalitazama boneti lililokuwa likitetemeka kama mwenye homa, akasema, "Basi, mzee, hata mafuta huhitaji." Akaenda kulihudumia gari jingine. Nimelichambua jibu lile siku mbili. Nalileta kama ushahidi, maana huyu ni mtaalamu asiye na udugu na upande wowote, na ameikubali hoja yangu hadi mwisho wake.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu wote unaowezekana, safu ya Fundi Anajibu ifungwe hadi fundi ajifunze kuheshimu waya zilizomtangulia. Naomba mkaguzi afute neno "haifanyi kazi" na kuandika "imepumzika". Na naomba Jumapili magari yote kumi na tisa yachomolewe waya za geji, yaende gia ya kwanza kutoka uwanjani hadi bustanini, na abiria wote wa mbele wakatazwe kufanya kazi yoyote, ili mama akikubali kupanda asijione kikapu peke yake.

Msalimie mkaguzi na kucha zake. Msalimie mwenye gari la kijani, umwambie jeki yangu bado naikumbuka. Salamu kwa wote wanaobadili gia kwa kusikiliza; Mungu awalinde.

Ni mimi, mwanachama wenu mwenye koo kavu lakini hoja mbichi,

Mwenye Gari la Rangi ya Maziwa, Kiti cha Mbele Kitupu

Baada ya kutia sahihi: Mdogo wangu amepita kuichukua barua hii, maana huja kwako bahasha moja na makala yake. Ameisoma yote akiwa amesimama, ameshika fremu ya mlango kwa kicheko. Kisha akaniuliza, "Kaka, nani kakwambia waya kaufunga baba?" Akafungua boneti, akabandua tepu nyeusi. Chini yake waya umezungushiwa uzi mwekundu wa kushonea, mizunguko saba, fundo la kitoto. Ni yeye aliyeufunga, akiwa na miaka kumi na tano, waya wa kwanza ulipokatika. Kazi ya baba ilikuwa kushika tochi. Mama akadakia dirishani: "Baba yenu? Baba yenu hakutofautisha koili na birika! Na uzi wangu mpaka leo hamjarudisha."

Mwenye waya akauhamisha waya wake. Nilishika tochi mchana kweupe, kwa kukosa la kufanya. Dakika nne, si tano, na mikono hakunawa. Nilipowasha, mshale ulipanda hadi karibu na moja ukatulia. Sikumwita mama. Nilipogeuka alikuwa ameshakaa, mkoba magotini, macho kwenye saa ya kushoto.

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Mhariri, ichape barua yote hivyohivyo, maana mkono umeniuma, lakini maombi yangu yote nayafuta. Mwalimu, leta fomu yako na ukucha wako. Na ninyi kumi na wanane mtakaokuwa mbele yetu Jumapili: mkisikia nyuma yenu sauti ya mwanamke wa miaka themanini na moja ikisema "Tatu!", sogeeni pembeni mtupishe. Nimekaa gia ya kwanza majuma mawili, na mama ana kazi.