Viti vya Mazishi Yangu

Jumatatu, 7 Julai 2025
Nimelificha hili, na sasa sina nguvu ya kuendelea kulificha: nikifumba macho, siombi. Kasiva mke wangu hunifunika blanketi na kuwanong'oneza wageni kwamba Mwalimu anaongea na Mungu. Hapana. Mwalimu yuko kwenye mazishi yake mwenyewe. Anapanga viti.

Hema la mbele, jamaa na wachungaji. La pili, walimu wastaafu. Picha yangu ya koti la kijivu kwenye jalada la programu. Nyimbo bado zinanisumbua.

Leo amekuja Raho, muuguzi anayetuzungukia sisi tuliorudishwa nyumbani kungoja. Dawa ya maumivu kwanza, kisha somo jipya: kuwa hapa. Anasema mtu anaweza kulala Mutomo hii na moyo wake uwe mahali pengine kabisa. Nilishtuka. Nani amemwambia? Akachukua mbaazi mbichi kutoka ungo wa Kasiva, akanipa punje moja. Niitazame. Niinuse. Niitafune polepole, nisiwaze kingine. Kasiva akacheka, akamwambia haki mwanangu, mimi nimeambua mbaazi tangu niolewe na hakuna aliyeniambia ni dawa.

Niliitazama punje. Kijani. Mviringo. Nikaanza kujiuliza kama muthokoi wa waombolezaji, yale mahindi ya kukoboa, utachanganywa na mbaazi au maharagwe.

Nilimwambia Raho sijawahi kuiona mbaazi hivi maishani mwangu. Alifurahi sana! Akasema jirani yangu Mwau alipewa yake akasinzia nayo mdomoni.

Siku njema.

Jumatano, 9 Julai
Mwau kaja na mkongojo wake. Alikuwa mwalimu mkuu ng'ambo ile ya mto mkavu, mimi ng'ambo hii, na hatujawahi kukubaliana hata juu ya saa ya paredi. Anadai hakusinzia. Alizama. Anasikia kila ndege sasa, hata wale wa kwa jirani.

Halafu akasema Nthiwa, wewe ukitangulia, mimi ndiye nitakayesema kwa niaba ya majirani. Nikamuuliza nani kamwambia nitatangulia. Akaitazama miguu yangu iliyovimba. Mbaya zaidi kuliko jibu.

Mwau husema kwa niaba ya majirani mpaka chakula kinapoa.

Mpango: nitakuwa hapa kuliko mzee mwingine yeyote wa Kitui. Raho atanitaja kila boma. Mwau atazama kweli.

Alhamisi, 10 Julai
Kuwa hapa ni kazi ngumu. Nimeamua kuanza na uso. Nikaomba kioo, nikajifunza: macho nusu, kichwa kando kidogo, tabasamu la mtu anayesikia kila kitu. Kasiva akauliza kama jino linaniuma.

Jioni wakaja akina mama wa kanisa. Niliwavalia uso huo. Mmoja alilia, akasema baba huyu ana amani. Wakati huo nilikuwa nachagua wimbo wa kushushia jeneza.

Uso unafanya kazi!

Ijumaa, 11 Julai
Sijui niandikeje.

Kasiva alikaa kando ya kitanda na ungo wake. Akaambua, akaambua, kisha mikono ikasimama. Akasema Baba Mwongeli, kuna jambo nimelibeba peke yangu, sitaki uende kabla sijakuambia. Nikavaa uso.

Alisema kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nampangia Mwau kiti. Hema la nyuma. Nyuma ya mti wa hema. Karibu na jenereta, asisikike! Nilikuwa nafurahi.

Niliporudi, mbaazi zilikuwa zimemwagika sakafuni, na Kasiva alikuwa ameshika mkono wangu, analia kwa utulivu. Akasema, basi nimesema, nijibu.

Nikasema ni sawa.

Akanitazama sana. Akasema hakutegemea ningesema hivyo. Akaubusu mkono wangu. Hajawahi kuubusu.

Jumamosi, 12 Julai
Kasiva anaimba jikoni. Analala usingizi wa mtoto. Kuna mzigo nimemtua na sijui ni mzigo gani. Ni jambo alilotenda? Alilotendewa? Na mimi? Nimesamehe nini?

Mpango: kumchokoa. Nilimwambia lile jambo la jana lilinigusa, hasa pale mwanzoni. Akatabasamu, akasema mambo kama hayo husemwa mara moja.

Nilimwambia Raho ukweli, yeye peke yake. Hakucheka. Akasema, Mwalimu, mwambie mama hukuwepo. Nikasema itamvunja. Akasema basi utakufa ukiwa umemwacha peke yake na jambo lile lile, ila yeye hajui.

Maneno hayo yaliniuma kuliko ini hili linaloniua.

Jumapili, 13 Julai
Pumzi ni fupi. Kasiva hakwenda kanisani. Nilimwita, nikataka kusema sikuwepo. Nikasikia mdomo wangu ukisema dawa ilinilevya siku ile, mambo yamechanganyika, aniambie tena. Muoga mpaka mwisho.

Aliweka kikombe cha uji chini. Uso ulimpauka. Akasema sawa, kwa ajili ya dawa, mara hii tu, sitaweza tena.

Sikuvaa uso. Nilifungua macho yote mawili. Niliuona mshono wa leso yake, kovu la kidevuni. Nilikuwa hapa! Akaanza. Sauti yake ilitetemeka, nzuri, na nikawaza: sauti hii lazima isikike siku ile, azungumze mwenyewe, kabla ya Mwau. Asimame wapi? Kipaza sauti cha mkononi au cha kusimama? Mtu amshikie mwavuli, jua la saa sita ni kali...

Aliponyamaza alikuwa ameegemeza kichwa kifuani pangu. Akauliza kama nimesikia sasa. Nikasema kila neno, mke wangu, na ni sawa.

Nilisikia jina langu tu.