Kisiwa cha Bibi Alinanuswe

Jumatatu, 1 Juni

Hatimaye! Nafasi yangu imekuja, na imekuja kwa umbo la kisiwa.

Leo kwenye klabu ya redio Mwalimu Rabson ametangaza msafara. Klabu hukutana stoo ya maabara, katikati ya mifupa ya plastiki na jiko la gesi lililokufa. Leseni ni ya Mwalimu. Sisi tunaongea yeye akiwa pembeni. Akatueleza kwamba duniani kote wapo watu wa redio wanaobeba betri na antena mpaka visiwani, mahali ambapo hakuna kituo, na wenzao wanagombania kuongea nao ili wapate kadi. Maana utaratibu ndio huo: mkisikilizana, mkapeana alama za vituo vyenu, mkaambiana mnasikikaje, basi kila mmoja anamtumia mwenzake kadi. Kadi ndiyo ushahidi. Bila kadi uliongea na upepo.

Obeid akanyoosha mkono, akauliza eti hapa Iyunga tuna kisiwa gani zaidi ya kipilefti cha barabarani. Wote wakacheka. Mwalimu hakucheka. Akasema atakayeleta kisiwa ndiye atakayeshika maiki wa kwanza. Kisipopatikana, tutapanda mlima tu, na maiki atashika Obeid.

Obeid tena! Obeid ana sauti ya mpiga debe na kadi zimejaa ukutani. Mimi sina hata moja. Niko klabuni tangu Kidato cha Pili na nimewahi kubonyeza kitufe mara moja tu. Nilibonyeza. Nikapumua. Nikaachia. Kituo cha shule moja ya Kilolo kikaitika, sauti ya msichana, Veneranda, akauliza ni nani huyo anayepuliza chai. Tangu siku hiyo Obeid ananiita Bwana Chai.

Kadi ya Veneranda ndiyo ninayoitaka. Huichora kwa mkono: vilima vya Kilolo, mipaini, na redio yenye miguu miwili inayotembea. Obeid anayo. Hata haitazami!

Kwa hiyo: nahitaji kisiwa.

Jumanne, 2 Juni

Nimesoma atlasi nzima upande wetu. Mlima, mlima, bonde, mlima. Nikakata tamaa saa ya chakula, nikala ugali bila kujua nakula nini.

Ndipo nikamkumbuka Bibi Alinanuswe, mama yake mama, anayekaa Rungwe. Bibi anajua kila kitu kilichoko huko, pamoja na mwenye nacho na aliyekiiba. Shida ni kumpata. Simu yake inashika mtandao akisimama karibu na banda la kuku tu, kwa hiyo kila neno linakuja na kuku. Shida nyingine ni kwamba Kiswahili chake kina Kinyakyusa kingi na mimi sikijui. Baba ni Msafwa, nyumbani tunaongea Kiswahili, na Mama hutumia Kinyakyusa kunigombeza tu.

Nikamuuliza kama huko kwao kuna kisiwa. Akapiga kelele kwa furaha. Kipo! Cha ukoo! Babu yako kaoga humo mpaka uzeeni!

Nilikaa chini. Ukoo wangu una kisiwa na hakuna aliyeniambia!

Nikamuuliza kama kina maji pande zote. Akasema maji matupu. Nikamuuliza kama kuna watu wanaoishi. Akacheka mpaka kuku wakatulia, akasema nani akae mle, gwe, labda samaki. Kisiwa kisicho na watu! Hivyo ndivyo vinavyogombaniwa zaidi! Nikauliza kama tutahitaji mtumbwi. Akasema mtumbwi wa nini, unasimama tu pembeni. Hapo sikuelewa vizuri. Nadhani maji hayana kina upande mmoja. Nikamuuliza mwisho kama naweza kuingia na redio. Bibi akauliza kwa upole kama redio yangu inajua kuogelea.

Mzaha wa wazee. Sijamwambia Mama. Akijua atanibebesha mzigo wa kupeleka.

Alhamisi, 4 Juni

Nilimwandikia Mwalimu karatasi, maana nikisema mbele ya watu masikio huwa yanawaka. Akaisoma, akasimama, akanipa mkono. Mkono! Yeye ni Mhehe wa Iringa, akasema amekaa Mbeya muda wote huu na hakuna mtu aliyewahi kumtajia kisiwa.

Akawasha redio hapo hapo, akatangaza: Jumamosi asubuhi, klabu yetu itasikika kutoka kisiwa kisichokaliwa na watu, nyanda za juu kusini. Iringa wakaitika. Songea wakaitika. Mzee mmoja wa Karonga, Malawi, akauliza kwa Kiingereza kama amesikia sawasawa. Na Veneranda! Akasema kadi ameshaanza kuchora, ameacha nafasi ya jina la kisiwa na la atakayeongea.

Obeid akafungua ramani kwenye simu ya Mwalimu, akasogeza mpaka kijijini kwa Bibi. Duara la buluu. Katikati hamna kitu. Akasema labda kisiwa kimezama kwa aibu baada ya kusikia kitaletewa Bwana Chai. Nikamwambia ramani huacha vitu vidogo. Akasema ndiyo maana na mimi simo.

 Jibu nimelipata sasa hivi, lakini tayari niko nyumbani.

Ijumaa, 5 Juni

Nimekwenda steshenari kwa Jailos kutengeneza kadi zetu. Mchoro wangu mwenyewe: duara la maji, kisiwa katikati, mnazi. Nikakumbuka Rungwe hakuna minazi. Nikaubadilisha kuwa mgomba. Sasa kisiwa kinaonekana kama sahani yenye kachumbari, lakini muda umekwisha.

Jailos akachapa jina. Akaandika KISIBA CHA BIBI ALINANUSWE. Nikamwambia amekosea herufi. Akasema hajakosea, yeye ni wa huko huko Rungwe, na anakijua hicho kisiba, amekiogelea. Nikamweleza kwa adabu kwamba kwenye kamusi neno ni kisiwa, kwa herufi W, na kwamba matamshi ya nyumbani hayaandikwi kwenye nyaraka za kimataifa. Jailos akanitazama. Akaniuliza kama nimewahi kufika. Nikasema nafika kesho. Akasema haya mdogo wangu, mteja ni mfalme, akaweka W.

Watu hawapendi kusahihishwa. Mimi huwa nashukuru.

Nimejizoeza mbele ya kioo: alama ya kituo, namna tunavyomsikia, karibu. Naweza kabisa, mradi kioo kisinijibu.

Jumamosi, 6 Juni

Sijui nianzie wapi.

Tuliondoka kwa pikapu ya shule, baridi kali, ukungu mpaka kwenye magoti. Mwalimu, mimi, Obeid, betri, redio, waya wa antena, na kasha la kadi zangu. Bibi alitupokea barabarani kwa vigelegele na sufuria la mbalaga, ndizi zake za kupika. Mwalimu akamwamkia ugonile, neno pekee la Kinyakyusa analolijua. Bibi akampenda papo hapo.

Akatuongoza kati ya migomba. Njia ikapanda, kisha ikaisha ghafla. Chini yetu, maji. Duara kamili, meusi, yametulia kama chai iliyosahauliwa, na kuta za miti kuzunguka pande zote. Bibi akanyoosha mkono kama anafungua pazia. Akasema ndicho hiki.

Nikatazama katikati. Nikatazama tena. Nikauliza kiko wapi.

Bibi akasema si hiki hapa mbele ya macho yako, unataka nikunyweshe? Kisiba!

Obeid akauliza, polepole, kama daktari, kisiba maana yake ni nini. Bibi akashangaa kwamba shule hawafundishi. Kisiba ni maji, akasema. Maji yaliyokaa. Ziwa dogo.

Ziwa.

Mwalimu Rabson alikaa juu ya betri. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, maji yakawa bado yapo. Halafu akasema kwa sauti ya upole, ambayo ni mbaya kuliko ukali, kwamba kisiwa ni nchi kavu iliyozungukwa na maji, na haya ni maji yaliyozungukwa na nchi kavu. Lugano, akasema, umetuletea kinyume cha kisiwa.

Obeid alikuwa amelala kwenye nyasi. Alicheka mpaka akaanza kukohoa. Akasema tuigeuze dunia ndani nje na tatizo litakuwa limekwisha.

Nilikuwa na wazo! Migomba huelea. Tungefunga magogo ya migomba, tukakaa katikati ya maji, tukawa sisi wenyewe kisiwa. Nilianza kueleza. Bibi akaniuliza nikizama nani ataenda Iyunga kumweleza mama yangu, kwa sababu yeye haendi.

Mwalimu akasema tufunge antena hivyo hivyo. Tulipowasha redio, sauti zilimwagika. Iringa, Songea, Dodoma, wote wanaita kisiwa, kisiwa, mko wapi kisiwa. Na katikati yao Veneranda, akisema ana kalamu mkononi.

Nikafikiri Mwalimu atampa Obeid maiki. Hata Obeid alishanyoosha mkono. Lakini Mwalimu akanipa mimi. Akasema aliyekileta ndiye atakayeeleza kilikokwenda.

Nilibonyeza kitufe. Nikapumua. Nikasikia masikio yangu yanawaka. Nikasema:

"Kisiwa hakipo."

Nikaachia.

Hayo ndiyo maneno yangu ya kwanza redioni maishani. Sikutaja alama ya kituo. Sikusema namsikiaje mtu. Sikusema hata jina. Vituo vyote vikaacha kuita, mpaka Malawi. Halafu Veneranda akauliza, taratibu, kama huyo ni mpuliza chai. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu, hata chai.

Bibi alichoka kusubiri. Akaninyang'anya maiki, akamwamuru Mwalimu ambonyezee, akapaza sauti kama anamwita mtu ng'ambo ya bonde. Akasema kisiba kipo, nani anasema hakipo, yeye amesimama juu yake, maji yamejaa, karibuni, ndaga fijo, asanteni sana, na huko kwenu mmelimaje?

Redio ikapasuka! Kila kituo kikamtaka Bibi. Mwalimu alimnong'oneza alama ya kituo, naye akaitamka kana kwamba ni jina la ng'ombe wake. Mzee wa Karonga akaacha Kiingereza, akamjibu Kinyakyusa, wakaongea habari za mvua na misiba mpaka Dodoma wakaomba zamu kwa heshima. Veneranda akamwambia anasikika kama yuko chumbani. Bibi akamwambia na yeye pia, mwanangu, ila ale, sauti yake ni nyembamba.

Obeid hakugusa maiki kabisa. Nilipata faraja kidogo hapo. Mbalaga ilipoa.

Jumapili, 7 Juni

Kanisani sikusikia mahubiri. Mama ameshajua yote. Bibi alisimama bandani kwa kuku akampigia. Amenigombeza kwa Kinyakyusa. Nilielewa neno moja tu. Kisiba.

Kadi zangu zote zina W. Nimejaribu kuichora W iwe B. Imekuwa kama miwani.

Mwalimu amesema tumeongea na vituo vingi kuliko siku yoyote, na kwamba tutatuma kadi hizo hizo, tukiandika chini kwa kalamu kwamba kisiwa ni ziwa. Nitaandika mimi. Zote.

Jumatano, 15 Julai

Kadi zimefika! Bahasha imejaa, Mwalimu akaimwaga mezani. Songea, Dodoma, Karonga. Zote zimeandikwa kwa Bibi Alinanuswe. Ile ya Karonga imeambatana na salamu ndefu kwa Kinyakyusa ambazo Mwalimu amesema tusizitafsiri.

Ya Veneranda nayo imeandikwa kwa Bibi. Duara la maji meusi, migomba, na redio yenye miguu imesimama ukingoni, imevaa khanga. Nzuri kuliko ya Obeid. Si yangu.

Nikaigeuza. Nyuma, pembeni kabisa, kwa herufi ndogo: Msalimie mpuliza chai. Mwambie amesikika vizuri sana. Jina lake nani?

Nimesoma hapo mpaka Obeid akaniuliza kama kuna fumbo. Nikamwambia hapana. Masikio yakawaka, lakini kwa namna nyingine.

Sasa ni lazima nimjibu, na kwa utaratibu: redioni, alama, jina, kadi yangu mwenyewe. Na bahati iko upande wangu! Leo Mwalimu amesema watu wa redio pia hufanya misafara kwenye minara ya taa, ile inayoongoza meli, na kwamba kwa masharti yale yale, atakayeleta mnara atashika maiki. Obeid akasema eti tumuulize tena Bwana Chai, labda ukoo wake una bandari. Wakacheka wote. Mimi nikatabasamu tu. Niliondoka nikampigia Bibi.

Upo! Nyuma ya shamba lake, juu kilimani. Mnara mrefu, wa chuma, wenye taa nyekundu kileleni inayowaka usiku kucha. Umejengwa mwezi huu. Safari hii nimekuwa mwangalifu: nimemtamkisha mnara mara mbili, na nimekagua kamusi. Bibi hajui kazi yake, ila anasema tangu usimamishwe simu yake inashika mpaka jikoni. Sijui mwanga unasaidiaje mtandao. Nitamuuliza mwalimu wa fizikia.

Nimeshampa Mwalimu karatasi. Nimeshapita kwa Jailos na mchoro mpya: mnara, mawimbi, meli. Jailos akautazama, akaanza kusema kwamba huo mnara anaufahamu.

Nikamwomba aandike tu kama nilivyoandika.