Jua Dogo la Masisi

"Watu wa Masisi, kuni zimekufa!"

Isidore, karani wa territoire, yaani wilaya, alitangaza hivyo sokoni mwaka wa 1958, amesimama juu ya sanduku la sabuni ili cheo chake kionekane vizuri. Serikali, alisema, inaleta jua dogo hapa mlimani, na karibuni hakuna nyumba itakayotoa moshi. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kabisa, maana jua kubwa, kwa ukungu wa Masisi, lilikuwa likifika kazini linapotaka.

Ulaya wataalamu walikuwa bado wanahangaika kuliwasha. Ila Bwana Administrateur, mkuu wa territoire, alikuwa amelisoma gazetini, na kusoma, kwa mtu wa cheo chake, ni nusu ya kujenga.

"Ndani ya mayi muko kitu nyepesi sana, haidrojeni," Isidore alieleza. "Unaipasha moto kupita kiasi, vipande vyake vinagongana, vinashikana, vinakuwa kitu kimoja. Pale vinaposhikana vinatupa vingine vidogo, mbio mbio, vinagonga ukuta munene. Ukuta unapata moto."

"Na chombo ya kubeba moto ile, haiyeyuke?" aliuliza Mama Mukandori, mpika pombe.

"Haigusi chombo, Mama. Inashikwa na sumaku."

Komite ya Jua Dogo, aliyoiunda Bwana Administrateur, ilikuwa tayari na sumaku. Waliiazima kwa fundi saa.

"Kisha ukuta unafanya nini?"

"Unachemusha mayi. Mvuke inazungusha gurudumu, gurudumu inatoa umeme."

"Aah, karani! Jua nzima, kazi yake iko kuchemusha mayi?"

"Kwa lugha ya kienyeji, ndiyo."

"Basi mimi pia niko mutaalamu!"

Soko likacheka. Isidore hakucheka. Siku ileile Komite ya Jua Dogo ilipitisha amri: atakayeonekana na kuni atalala cachot, jela ya territoire. Polisi walianza kwa Mama Mukandori, wakabeba rundo lake lote la mikalitusi, ambalo alilikausha kwa ajili ya pombe ya mtama ya arusi ya binti yake, Mukamurenzi. Arusi ilikuwa Jumamosi.

"Papa Isidore, rudisha kuni zangu," alimfuata hadi ofisini. "Wakwe wakikuta mitungi mikavu, watasema nimewatukana. Watarudi kwao."

"Ngojea jua, Mama. Itakupikia."

Jua lilipangwa kufunguliwa Ijumaa, mbele ya mkaguzi kutoka Bukavu. Komite ilikuwa imejenga mashine kuanzia mwisho wake: taa moja juu ya mti, dinamo ya baiskeli, gurudumu, pipa la maji. Lilibaki jua tu, jambo dogo, na mahali pake palizungushiwa turubai.

Isidore alisimama mbele ya turubai na suti yake. Pipa likanguruma. Mvuke ukatoka, gurudumu likazunguka, taa ikafumbua jicho jekundu. Mkaguzi akapiga makofi, kisha akakohoa.

"Na moshi huu?"

"Jua likiwa changa linatoa moshi, Bwana Mkaguzi. Likikomaa litaacha."

Mama Mukandori akajipenyeza mbele ya watu. Alikuja na chungu chake cha mtama, kwa kuwa aliambiwa atapikiwa.

"Mbona jua ya serikali inanukia mikalitusi yangu?"

"Mama, hatari!" Isidore akatandaza mikono. "Ukiitazama utapofuka!"

"Niko natazama moto tangu utoto. Pisha."

Akavuta turubai.

Ndani, Bwana Administrateur mwenyewe alikuwa amepiga magoti kwenye majivu, sare nyeupe imegeuka rangi ya mkaa, akipepea kuni kwa kofia yake ya kazi. Siri kubwa namna hiyo haikabidhiwi mtu wa cheo cha chini. Mashavu yake yalikuwa yamejaa pumzi, na sasa hakujua aipeleke wapi.

Mkaguzi akamgeukia Isidore. Polisi nao wakamgeukia, wakiuliza kwa macho kama amri ya cachot inaanzia cheo gani.

Mama Mukandori akatua chungu chake katikati ya moto.

"Karani," alisema, "ambia jua ipulize. Arusi iko kesho."