Kuhusu Kukabidhiana Serikali Bila Hata Jiwe Moja

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Dili.

Salamu kutoka Venilale, ambako sote ni wazima isipokuwa mimi, niliyeaibishwa na Tume yako.

Mimi Anselmo Freitas ni mwanachama wa Chama cha Nyati, kilichoshinda. Nalalamikia jinsi Chama cha Jogoo kilivyotuachia serikali.

1. Siku ya kura, kidole kikiwa bado kinachuruzika wino, jirani yangu Baltazar, mtu wa Jogoo, alinikumbusha tena posa ya mwanawe Abílio kwa binti yangu Zulmira. Nikakiinua kidole hicho mbele ya foleni nzima, nikaapa: "Siku watu wako watakapotoka madarakani bila kurusha jiwe, mchukueni binti, na nyati wa mahari sitaki." Kilikuwa kiapo salama kabisa. Mwaka ule wa fujo za uchaguzi, watu wa Jogoo walinichomea nyumba, nikakimbilia mlimani na Zulmira mgongoni. Sijawasamehe.

2. Tangu hapo, kila uchaguzi nafunga mzigo wa kukimbilia: sufuria, mchele, rozari, blanketi. Safari hii niliukalia mlangoni nikingoja. Hakuja mtu ila Baltazar, kuazima jembe.

3. Makabidhiano tuliyatazama kwenye televisheni ya ofisi ya kijiji. Waziri Mkuu anayeondoka alimvisha mshindi tais shingoni, ile shuka yetu ya kufumwa. Ikakaa kombo. Nikasema kimoyomoyo, sasa atamnyonga. Akainyoosha, kisha wakacheka wote wawili. Hapo watu wakaacha kutazama televisheni, wakanitazama mimi. "Mzee Anselmo," akasema Baltazar, "hebu tuonyeshe kidole." Wino ulikuwa bado kwenye ukucha. Tumeshinda nchi nzima, nami nimeshindwa nyumbani kwangu.

4. Mke wangu Idalina ananiambia, "Baba Zulmira, miaka yote unaiombea amani kanisani. Imekuja, unaifungia mlango?" Hili si kosa la Tume, ila liandikwe.

Kwa hiyo naomba makabidhiano yarudiwe, na mtu mmoja wa Jogoo arushe jiwe. Dogo tu, lisimpate mtu. Akikosekana wa kujitolea, nitalirusha mwenyewe, mradi nipewe fulana yao.

Nisalimie makarani wote, hata wa Jogoo, na mama watoto.

Wako katika ushindi usionifaa,
Anselmo Freitas

Baada ya kusaini: Mheshimiwa, usirudie chochote. Nimeingia jikoni kutafuta gundi ya bahasha, nimekuta mzigo umefunguliwa. Sufuria ya kukimbilia iko motoni, inapikiwa wageni wa harusi. Blanketi amejifunika mama yake Baltazar, bibi mzee, anasikia baridi. Zulmira anaimba. Nimelia, wala si kwa hasira. Harusi ni Jumamosi, karibu sana. Nyati nitachinja wangu mwenyewe, yule wa kulimia, ila chama kisisikie.