Marehemu Wasisemwe Walivyokuwa

Kwa Mkutubi Mkuu,
Maktaba ya Mtaa.

Kuhusu: Mihadhara ya Jumamosi na madhara yake makaburini

Mheshimiwa Mkutubi,

Nakusalimu kwa heshima zote, nikitumaini barua hii itakukuta salama. Mimi si salama sana, na chanzo ni maktaba yako.

Kwa faida ya faili lako, nijitambulishe. Mimi ndiye mwenye kibanda cha kupiga chapa, ubavuni mwa fundi viatu. Kwa miaka ishirini na moja nimekuwa pia msoma wasifu wa mtaa huu. Mtu akifariki, wafiwa hunijia, nami siku ya mazishi husimama kando ya kaburi nikasoma maisha yake. Nimewasomea watu mia tatu na kumi na wawili kwa ukurasa mmoja tu, niliouandika nikiwa kijana, na sijawahi kuona sababu ya kuubadilisha: marehemu alikuwa mcheshi, mchapakazi, mpenda watu, na hakuwahi kugombana na mtu yeyote. Nafasi ya jina na idadi ya watoto huwa naiacha wazi. Mara moja tu nilisahau kurekebisha mstari wa mwisho, nikasoma kwamba dereva wa lori ameacha mume. Watu waliinamisha vichwa kwa majonzi, na mjane wake akaitikia pamoja nao. Sijui ushahidi gani zaidi unahitajika kuonyesha kwamba ukurasa wangu ni mzuri.

Sasa mazishi mawili yamepita bila mimi kuitwa, na Jumamosi ijayo wazee wa mtaa wanakaa kuamua kama msoma wasifu bado anahitajika. Maji yamenifika shingoni, ndiyo maana nakuandikia. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mhadhiri wa historia. Wewe ndiye uliyemleta kwenye chumba cha magazeti. Nilikuwepo, kiti cha nyuma kabisa, kwa ajili ya chai. Ni mtu mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi, sikumdhania ubaya. Akasema historia si ya watawala peke yao, eti hata mfua nguo anayo yake, na kwamba kila mtu ana jambo moja ambalo hakuna mwingine aliyekuwa nalo. Nilidhani watu watapiga makofi waende zao, kama wanavyofanya kwa wanasiasa. Badala yake walirudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata tena, wakisomeana kwa sauti maisha ya watu wasiowajua, mpaka wakawa kikundi, nawe ukawapa kazi ya nyumbani: kila mmoja aandike maisha ya mtu anayemjua. Moto ulianzia hapo.

2. Mazishi ya fundi bomba. Binti yake mkubwa, ambaye ni mwanakikundi wako, alikuja kibandani akaupokea ukurasa wangu kwa mikono miwili na kunishukuru. Kule makaburini akautoa mkobani, akajipepea nao, kisha akasoma wa kwake. Alisema baba yake alitengeneza mabomba ya mtaa mzima huku la kwao likivuja miaka tisa. Alisema aliogopa kuku. Alisema hakuwa akisemeshana na mdogo wake, yaani baba mdogo wa binti huyo, kwa miaka sita, kisa ngazi. Basi baba mdogo mwenyewe, mtu mzima na koti lake, akajipenyeza mpaka mbele akasema, "Ngazi ninayo. Nilikuwa naona aibu kuirudisha."

Watu wakacheka. Makaburini, Mheshimiwa. Halafu wakalia, na si kile kilio tulichokizoea cha kusafisha koo na kutazama saa kwa kuibia. Walilia mpaka wachimba kaburi wakaweka majembe chini. Kwa miaka ishirini na moja ukurasa wangu haujamliza mchimba kaburi hata mmoja, na najivunia hilo, maana wale wana kazi ya kufanya. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, sikatai, lakini awahurumie na wenye majembe.

3. Walio hai nao wameharibika. Mwenye nyumba za kupanga amekarabati paa bila kuombwa, mara tu aliposikia kwamba mpangaji wa chumba cha tatu ni mwanakikundi. Mwuza nyama anasalimia watu. Kuna shangazi mmoja anayezunguka na orodha ya mambo anayotaka yaandikwe juu yake, na nyingine, ndefu zaidi, ya yale yasiyotakiwa kuguswa. Watu wanatenda mema kwa kuogopa kusomwa. Tulikuwa tukiishi tupendavyo, kila mmoja akijua kwamba mwisho wa yote atakuwa mcheshi na mpenda watu. Raha hiyo umetunyang'anya.

4. Vifo vyenyewe vinacheleweshwa. Mwalimu mkuu mstaafu alipewa wiki mbili na daktari. Huu ni mwezi wa tatu. Mjukuu wake, mwanakikundi mwingine, alimwandikia wasifu akampelekea auone, na mzee tangu hapo anausahihisha kwa kalamu nyekundu. Ameurudisha mara nne, akidai aya ya pili haina ushahidi. Familia ilikuwa imeshaazima viti.

5. Hili linanigusa binafsi. Binti wa fundi bomba alinikuta dukani, akaniamkia vizuri tu, halafu akaniuliza, "Mjomba, katika majirani wote uliowasomea, ulimfahamu nani?" Nilimjibu kwamba swali hilo halina adabu. Nikarudi kibandani nikaketi kuwakumbuka. Niliwapata wawili: mmoja kwa sababu siku yake mvua ilinyesha, mwingine kwa sababu jeneza liligoma kupita mlangoni. Mtoto hazaliwi na swali kama lile. Amelitoa kwenye rafu zako. Tangu siku hiyo, nikiwaona watu wanapita mbele ya kibanda najikuta nawatazama nyuso. Kwa umri wangu hiyo ni kazi nzito.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu, naomba yafuatayo. Mihadhara ihamie kwenye mambo yasiyodhuru, kama vile nyota, au vyungu vya watu waliokwisha kabisa bila kuacha jamaa. Kikundi kisome kimya kimya, kila mtu na kitabu chake, na pasiwepo wa kumwuliza mwenzake amejifunza nini. Ukweli kuhusu marehemu usitolewe mpaka miaka arobaini ipite, na hata hapo upitie kwanza kibandani kwangu niupunguze, nina uzoefu. Mwisho, uwaandikie wazee kabla ya Jumamosi kwamba maktaba inautambua ukurasa wangu. Nimeambatanisha nakala kwa ajili ya rafu ya historia. Ukikataa, sitakuwa na njia ila kuhamia mtaa ambao watu hawasomi, nife huko kwa amani.

Nisalimie mhadhiri na uzi wake, mama anayetuandalia chai, mzee wa mlangoni anayepokea mikoba, na wanakikundi wote. Hata binti wa fundi bomba msalimie, sina kinyongo naye. Kwa mujibu wa ukurasa wangu, sijawahi kugombana na mtu.

Wako mtiifu, mwenye majonzi ya kiasi,

Msoma Wasifu wa Mtaa

Nyongeza: Tafadhali usiwaandikie wazee. Nilipokwisha kutia sahihi nilitaka kukuonyesha kwamba kumwandika mtu alivyokuwa ni kazi ya nusu saa, haihitaji mhadhiri wala kikundi. Nikamchagua mke wangu, ambaye huu ni mwaka wa nne tangu tumzike. Naye nilimsomea ukurasa ule ule. Mkutubi, mwanangu, mke wangu hakuwa mpenda watu hata kidogo. Akisikia hodi alizima redio akaniziba mdomo kwa kiganja mpaka mgeni achoke aondoke, tukabaki jikoni tunacheka kama wezi. Aligombana na mtaa huu nyumba kwa nyumba, na fundi viatu yeye alitengewa siku mbili za ugomvi kila wiki. Nami nilisimama mbele ya watu wote hao nikasema hakuwahi kugombana na mtu, yeye amelala pale hawezi kunikatiza. Waliinamisha vichwa, lakini nadhani walikuwa wanasubiri nimtaje yeye mwenyewe. Inaniuma sana. Jumamosi nitakuja kwenu, wazee waamue watakavyo. Naomba tu nipangiwe muda mrefu wa kusoma kuliko wengine, kwa sababu nimefika ukurasa wa saba na bado hatujaoana.