Maombi Yangu Yalifunika Ndege

Leo mashine ya kaunti imeniaibisha mbele ya majirani wote. Wacha niseme mwenyewe, kwa sababu najua ninyi ndugu zangu wa Kamukuywa, kule kwetu Bungoma, mmeshaanza kupigiwa simu.

Mnajua mimi naishi hapa Kitale, karibu na kiwanja cha ndege. Mnajua pia mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya kelele. (Shule niliacha darasa la tatu. Ndani ya hiyo kamati kuna walimu wawili, na wote wako chini yangu.) Ndege ikishuka inapita juu ya mabati yetu kama inataka kuchukua moja iende nayo. Jirani yangu Zainabu ana mtoto wa miezi miwili. Akimlaza tu, ndege inamwamsha. Huyo mama macho yamemwingia ndani. Nikamwambia, "Zainabu, hii maneno niachie mimi."

Nimehangaika nayo mwaka mzima. Nimeenda ofisi ya kaunti mpaka askari wa geti ananiita baba. Mwishowe wakakubali kuja kupima. Kelele ikipita alama yao, nyumba zetu zinawekewa dari na madirisha mazito, na marubani wanaambiwa wazungukie upande wa mashamba ya mahindi. Isipopita, faili inafungwa. Basi.

Asubuhi wamefika. Afisa mwenyewe ni binti anaitwa Chebet, na mashine yake ya miguu mitatu, juu ina kichwa cheusi cha manyoya kama kifaranga. Akaisimamisha katikati ya boma langu. Majirani wamejaa. Mimi nimevaa koti la harusi ya kijana wangu Wafula. Kofia pia.

"Mzee, ndege inaingia kama dakika kumi hivi," Chebet akasema. "Naomba ikikaribia kila mtu anyamaze."

"Hakuna shida. Lakini kwangu hatuanzi kitu bila maombi."

"Basi yawe mafupi, Mzee."

"Mafupi kabisa!"

(Nani amewahi kuona mzee wa Bungoma akiomba mafupi?)

Nikavua kofia. Nikafunga macho. Nikaanza na wageni, barabara waliyopitia, na mashine yao. Nikaenda kwa mvua. Nikaenda kwa mahindi, kwa shangazi yangu mgonjwa kule Webuye. Nikaombea hata marubani, waguswe roho. Halafu nikafika kwa kelele yenyewe, nikapandisha sauti: "Ee Bwana! Unaona vile tunateseka! Ee Bwana, hatulali!"

Nikahisi bibi yangu, Mama Wafula, ananivuta koti. Nikajua maombi yamemwingia. Nikaongeza. Akavuta tena, karibu kifungo kitoke. Nikaongeza zaidi!

"Amina!"

Nikafungua macho. Watu wote wanaangalia upande wa kiwanja. Mtoto wa Zainabu analia, mdomo wazi mpaka unaona koo. Mimi nikapangusa jasho, nikarudisha kofia, nikamgeukia binti.

"Sasa tuko tayari. Hii ndege imechelewa wapi?"

Wakaangaliana.

"Mzee," Chebet akasema, "imepita."

"Imepita wapi?"

"Hapa. Juu ya kichwa chako."

Nikacheka sana, nikidhani ni utani. Nilicheka peke yangu. Ndipo nikaiona kule ng'ambo ya seng'enge, imesimama, watu wanashuka na mabegi yao.

Jameni! Mwenyekiti wa kelele hajasikia kelele!

(Miaka thelathini nimesimama kando ya mashine yangu ya kusaga mahindi. Imenijengea nyumba, imesomesha watoto. Kumbe ilikuwa inakula masikio pole pole. Hiyo ndege mimi huijua kwa vile kitanda kinatetemeka, na maneno ya watu kwa kuangalia midomo yao. Nilidhani huko ndiko kusikia.)

Na hapo bado. Binti akageuza kioo cha mashine, nione mistari.

"Huu mlima ni 'Ee Bwana' ya kwanza. Huu mwingine ni ya pili. Ndege iko hapa katikati, lakini siwezi kuipima. Umeifunika."

"Ameifunika na blanketi!" Mama Wafula akaruka. "Na wewe Baba Wafula, ati hatulali? Wewe unalala kama gunia! Mimi ndiye sijalala!"

Watu wakaanguka kwa kicheko. Mwalimu mmoja wa kamati, mtu mpole sana, alishika ukuta.

Zainabu hakucheka. Alikuwa anamtingisha mtoto, akamwuliza Chebet, "Sasa faili inafungwa?" Hiyo sikuisikia, niliisoma kwa midomo yake. Na ndiyo iliniuma kuliko kicheko chote.

"Binti," nikasema, "hii makosa ni yangu, si ya hawa watu. Tafadhali."

"Hiyo ndege itaondoka tena baada ya nusu saa, Mzee. Tutaipima ikiruka. Lakini wewe..."

"NITANYAMAZA!"

Chebet akaangalia kioo. "Ona. Mlima mwingine."

Hapo Mama Wafula akachukua usukani. Akanikalisha kwa benchi, akaleta nduma moto, akanijaza mdomo. "Tafuna mpaka nikwambie uache." Mwenyekiti mzima, na koti la harusi, mashavu yamefura kama ya panya buku!

Safari hii niliona yote. Watu wakaziba masikio. Mabati yakacheza. Benchi ikatetemeka chini yangu. Mtoto akaanza tena. Chebet akainama kwa kioo, akakaa hapo, akakaa, halafu akainua kidole gumba.

"Imepita alama, na mbali. Nyumba zote za huu mstari zinaingia kwa mpango wa dari na madirisha."

Zainabu alikaa chini palepale kwa nyasi, mtoto mkononi, kama mtu ametua mzigo wa kuni.

Mimi nikasimama kutoa neno la shukrani. Mama Wafula akaniongezea nduma.

Kamati nayo ilikutana hapohapo, bila maombi (!), ikamchagua Mama Wafula mwenyekiti. Chebet akanisongea, akanipigia kelele sikioni kwamba niende hospitali nipimwe. Nitaenda kesho. Kuomba nitaomba kimoyomoyo.

Najua huko mnacheka. Chekeni tu, bana. Kutoka hapa mimi sisikii kitu.