Témoin Mwenye Hawakumuuliza Neno

Uvira, Rugenge, mwezi wa pili 1965

Kwa Bwana Profesa munene wa sikoloji, Université, Léopoldville.

Bwana Profesa, jambo. Minye ni Pétronille, mujane wa Jean-Berchmans, mwenye kuongoza wimbo mu kanisa yetu hapa Rugenge. Hatujuane. Siko na masomo. Maneno ni yangu, mukono ni ya Onesphore, karani wa zamani wa territoire, ofisi ya serikali, mwenye maandishi yake inasimama sawa askari mbele ya komanda. Alitaka kunyoosha Kiswahili yangu. Nimekatala. Nimemuambia aandike vile inatoka, na kama inatoka ikichechemea, iende ikichechemea, itafika.

Nyumbani kwenu bote bazima? Bibi na batoto? Huku tuko. Vita imepita juu yetu, ikachukua mabati ya nyumba yangu upande wa jua, lakini kichwa iliniachia, na njo habari ya kichwa inafanya ninawaandikia.

Iko hivi. Octave, mutoto wa jirani yangu Kankindi, ni mwanafunzi wenu. Mu kiangazi ya 1963, mbele ya vita, alikuja hapa na makaratasi, na saa yenye unaifinya inasimama, na liste ya maneno makumi mbili. Akasema anataka kujua namna gani muntu anakumbuka. Sasa Kankindi amepata barua: mwalimu wa Octave, njo weye, amekatala kazi yake. Kama haleti ingine mbele ya Pasaka, diploma hakuna, arudi kwao. Kankindi analia ku muto Mulongwe mupaka sabuni inamalizika mu maji na nguo ingali chafu. Octave njo mutoto wa kwanza wa Rugenge kufika université.

Minye sikuje kumutetea. Niko na malalamiko yangu mwenyewe, na iko mingi. Ninaihesabu, juu Onesphore anasema bantu ba université hesabu ni chakula yao.

1. Jina yenyewe. Sikoloji. Huku kwetu muntu akisema "siko", ni kusema hayuko. Sasa elimu gani inapiga hodi ikisema "siko"? Octave alisimama mu lupango, kiwanja ya nyumba ya mama yake, akatangaza kwamba ni elimu ya kuchunguza mawazo ya bantu na matendo yao. Kesho yake mustari ya bantu ilifika barabarani. Félicité alikuja kuuliza nani aliiba bata wake. Wifi yangu Pélagie, dada ya marehemu, alikuja kuuliza kama bwana yake iko na muke mu Katogota. (Iko naye. Kwa hiyo haina lazima ya université.) Octave aliwajibu bote polepole sawa padiri: "Bamama, minye siko mufumu. Mufumu anajua jibu mbele ya kuuliza. Sisi tunauliza, tunahesabu, tunarudilia na bantu bengine, na kama tumekosa, tunasema tumekosa." Pélagie alicheka mupaka akakaa chini. "Eh baba! Dawa gani hiyo yenye inajisema imekosa?" Nikacheka pia. Lakini ile neno ilibakia mu sikio yangu sawa muchanga.

2. Maharagi. Tulikuwa bantu makumi ine. Octave alitia mu chungu maharagi makumi mbili nyekundu na makumi mbili nyeupe, akasema kila muntu aingize mukono bila kuangalia. Mwenye kutoa nyekundu, groupe ya wimbo: hao bangefundishwa ile maneno makumi mbili mu wimbo ya kupiga kasia. Mwenye kutoa nyeupe, groupe ya témoin: hao bangesomewa maneno ileile kavu, bila wimbo. Kiisha siku saba kila muntu aitwe peke yake, aseme yenye anakumbuka.

Minye, mwenye kuongoza wimbo tangu padiri wetu angali na ndevu nyeusi, nikatoa nyeupe. Pélagie, mwenye akiimba bata zenye zilibakilia Félicité zinamuitikia, akatoa nyekundu! Nikamuambia Octave anibadilishie. Akakatala. Akasema kura njo inazuia upendeleo, juu kama angechagua mwenyewe, angeweka bantu bazuri upande wenye anataka ushinde. Nikamuambia: Octave, minye nilikukata kitovu. Akasema: "Najua, mama mukubwa, lakini haragi haijue." Bwana Profesa, mu inchi gani haragi inakuwa chef juu ya muzazi? Tulipata uhuru juu ya hiyo?

3. Hii njo inaniuma zaidi. Marehemu bwana yangu alikuwa témoin, ni kusema shahidi, mu tribunal, kule Luvungi, wakati wa Babelgiji, mu mambo ya mbuzi. Balimupa kiti. Jaji akamuuliza: weye uliona nini? Jean-Berchmans akaeleza tangu asubuhi mupaka jua ikasimama juu ya kichwa, na muntu hakumukata maneno. Ata mbuzi ilikuwa imelala. Tangu ile siku, mu nyumba yetu témoin ni cheo.

Kwa hiyo nilivaa kikwembe yangu ya Pasaka, nikafika ku meza ya Octave, nikamuambia: niko tayari, nani ameshitakiwa? Akasema hakuna mushitakiwa. Akasema témoin ni groupe yenye haipewe kitu, kusudi baone tofauti na ile yenye imepewa. Mama yangu! Kumbe sisi ni sombe yenye haikutiwa chumvi, bengine baonje bajue chumvi inafanya kazi gani. Nilielewa. Kukubali sikukubali, lakini nilielewa. Akasikiliza maneno yangu, akaandika namba, akasema asante, mwenye kufuata aingie. Neno ingine hakuniuliza. Tangu 1963 ninangojea muntu aniulize: Pétronille, weye uliona nini? Na niliona mingi.

4. Octave alitangaza siku ya kwanza, mbele ya bantu bote, kwamba iko na "ipoteze", ni kusema wazo yenye anataka kupima kama ni kweli. Ipoteze yake ilikuwa: wimbo inasaidia kichwa kushika maneno. Sisi tukaangaliana. Muntu anatoka safari ya mbali vile na kitu yenye jina ni ipoteze, na munashangaa imepotea? Ingeitwa ipatikane, leo tungekuwa tunakunywa kasiksi ya diploma.

Basi ikapotea. Groupe ya wimbo, ukigawanya hesabu yao sawasawa, kila muntu maneno kumi na moja. Sisi témoin, kumi na saba. Pole, Pélagie. Octave alihesabu mara tatu. Pélagie akamunong'oneza: "Baba, geuza tu. Tuandikie sisi kumi na saba, nani atajua?" Kweli, nani angejua? Weye uko Léopoldville. Octave akamuambia: "Mama, kama tumekosa, tunasema tumekosa." Akafunga makaratasi na kamba, akabeba mwenyewe habari ya kushindwa kwake mupaka ku meza yako. Na weye ukamushinda mara ya pili.

Onesphore ananiuliza kama hapa ninamutetea. Simutetee. Andika namba tano.

5. Wimbo haina kazi. Niko na mufano, na mufano yangu ilipita mbele ya bunduki, si mbele ya haragi. Vita ya baasi, ba rebelle, ilipoingia Uvira mu 1964, tulikimbia na njia ya Katogota, tukitafuta kuvuka muto Ruzizi: minye, jirani yangu Agathe, na muzee Déogratias mwenye sikio moja imekufa. Bote batatu ba groupe ya témoin. Ku barrière, pale balifunga njia, tukakuta kijana amejifunga majani ku kichwa, bunduki inamupita urefu. Akauliza: "Nyinye ni bantu ba nani?" Ukisema ba serikali, ni kifo. Ukisema ba rebelle, inategemea siku. Nikasema: sisi ni batémoin. "Témoin wa nini?" Hapo ulimi ikanitangulia: kengele, mukeke, jembe, chumvi! Agathe akadaka, tukaenda nayo mupaka makumi mbili, sauti moja, miguu inapiga chini, mikono inavuta...

Onesphore anauliza mikono ilikuwa inavuta nini. Haikuvuta kitu. Andika: mikono ilikuwa imetulia.

Yule kijana akarudi nyuma hatua mbili, akaita mukubwa wake. Mukubwa akasikiliza mupaka mwisho, akatoa kofia. Akasema: "Hiyo ni sala ya wazee, bapite. Na huyu muzee musimuguse kabisa, anangojea ufunuo." Juu Déogratias alikuwa amesimama kimya, mudomo wazi, hakusema ata neno.

Kwa hiyo, Bwana Profesa, ni kumbukumbu yetu tupu ilituokoa, bila musaada wa wimbo. Na kusudi ujue sisemi uongo, ninakupa liste yote hapa, kavu, sawa vile tulisomewa: kengele, mukeke, jembe, chumvi, kiti, mbuzi, sindano... sindano... Kuko kuku amepita, amenivuruga. Kengele, mukeke, jembe, chumvi, kiti, mbuzi, sindano... Onesphore, acha nafasi hapa. Tutarudi.

6. Sasa yenye ninaomba, na ninaomba na heshima. Kwanza, sikoloji ifungwe, na vitabu yake itumwe huku soko ya Uvira, juu tangu vita hatuna karatasi ya kufungia samaki ndakala. Pili, mbele haijafungwa, impatie Octave diploma yake, kiisha ifungwe. Tatu, weye mwenyewe uje Rugenge, utoe haragi nyeupe, ukae ku benchi yangu miaka mbili bila kuulizwa neno, uone inavyowasha. Chakula nitakupa. Nne, ile kiti ya ualimu wako ikibakia wazi, musihangaike kutafuta muntu mbali. Minye ninajua bantu tangu zamani, na sikuhitaji saa ya kufinya: Agathe akisema "sitaki", ngojea kidogo, atataka. Félicité akinyamaza, ameficha. Pélagie akicheka, ameshindwa.

Ninamaliza, juu wino ya Onesphore inamalizika na yeye hawezi kusema. Musalimie bibi yako, batoto, bapishi, na ule mwenye kufungua mulango ya université. Kankindi anakusalimia na macho nyekundu. Pélagie pia anakusalimia, lakini salamu yake iweke upande. Kanisa yote ya Rugenge inakusalimia na sauti ine, na ya juu ni yangu.

Ni minye, kwa heshima yote na bila kinyongo kubwa,

Mama Pétronille, témoin
(alama ya kidole)

P.S. Onesphore alikuwa amekwisha kukunja barua. Nimemuambia afungue. Alikuwa ananionyesha na kalamu ile nafasi yenye tuliacha. Kiisha akasema: "Mama Pétronille, imba. Hakuna muntu anasikia." Nikaimba polepole, mikono ikavuta kasia. Kengele, mukeke, jembe, chumvi, kiti, mbuzi, sindano, mwezi, sabuni, njia, kofia, moto, yai, kamba, mulango, nyuki, kisu, ndoo, jiwe, kioo. Makumi mbili. Ilitoka sawa batoto benye kengele ya masomo imewalilia.

Basi, kwa sababu Onesphore ameniuliza, acha nitoe ushuhuda. Ile siku Octave anafundisha groupe ya wimbo, minye nilikuwa nyuma ya lupango, ninajifanya kuchambua majani ya sombe. Nilisikia wimbo mara moja, na Pélagie akiiharibu. Ilitosha. Siku sita zenye zilifuata, kila asubuhi ku Mulongwe, niliifundisha batémoin benzangu, tukifua. Octave aliruhusu bake kuimba siku moja tu. Sisi tuliimba mupaka mashuka ikatoboka. Hakukuwa na sayansi ndani yake. Sikutaka tu Pélagie anishinde. Ni Déogratias peke yake hakushika wimbo, juu ku mutoni alikuwa anakaa upande wa ile sikio yenye imekufa. Angalia mu makaratasi ya Octave, namba makumi tatu na ine: maneno tatu.

Kwa hiyo ipoteze ya mutoto haikupotea, Bwana Profesa. Ilikuwa kwangu. Yeye aliuliza, akahesabu, akasema amekosa, na hakukosa. Minye nilijua jibu mbele ya kuuliza, njo minye nilikosa. Nimekosa, ninasema nimekosa. Arudi arudilie kazi na maharagi mapya, mbele ya Pasaka wakati ingaliko, na minye siku hizo zote nitakaa Luvungi, ninaapa. Sikoloji usiifunge kwanza. Na kama unatafuta témoin wa kweli, tulikuwa naye mumoja tu: muzee Déogratias. Amekaa hapa ku mulango tangu nilianza barua hii, na hakusikia ata neno moja.